Maofisa ustawi wa jamii na vitisho vya wateja: Namna wanavyojilinda

KATIKA ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, asubuhi huanzia kwenye benchi. Hapo huketi mama aliyekuja kudai matunzo ya mtoto, baba aliyeitwa kwa barua kujibu madai hayo, bibi anayelea wajukuu yatima na wanandoa wasiosemezana. Wote husubiri kuingia katika chumba kimoja, mbele ya meza moja na ofisa mmoja.

Kila anayeingia ana jambo linalomuuma. Mara nyingi uamuzi unaompa nafuu mmoja ndio unaomchukiza mwingine, na anayebaki akitazamwa kwa jicho la chuki ni yule aliyeketi nyuma ya meza.

Wapo wanaoondoka wakitukana. Wapo wanaopiga meza, wanaochana barua ya wito mbele ya ofisa au wanaosubiri nje ya geti jioni. Wengine hawapandishi sauti kabisa. Husema tu, kwa upole unaotisha, kwamba wanajua ofisa anakoishi na shule wanakosoma watoto wake.

Kwa muda mrefu mambo hayo yamehesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Ofisa mgeni huambiwa na wenyeji wa ofisi kwamba atazoea. Hata hivyo, uzoefu wa nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kuzoea vitisho si njia ya kujikinga navyo, na kwamba anayeumia mwishoni si ofisa peke yake.

Kofia mbili

Chanzo cha hasira hizo kiko katika kazi yenyewe. Ofisa ustawi wa jamii ni msaidizi wa familia, lakini wakati huohuo ni mkono wa sheria.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwananchi mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ofisa akipokea taarifa hizo anaweza kumwita anayelalamikiwa, kuchunguza na, inapobidi, kulifikisha shauri mahakamani. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya mwaka 2011.

Ofisa huyohuyo ndiye huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo mahakama huitumia kuamua mtoto akae na nani. Ndiye pia anayeweza kuomba kipimo cha vinasaba kutoka Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali pale baba anapomkana mtoto.

Kwa mzazi anayeona mwanawe anachukuliwa, maelezo kwamba jambo hilo linafanywa kwa manufaa ya mtoto huwa na uzito mdogo. Anachokiona ni mgeni mwenye jalada aliyeingia nyumbani kwake na kutoka na damu yake.

Hasira hiyo huzidishwa na mambo ambayo ofisi ingeweza kuyaepuka. Mtu ameacha kibarua chake, amelipa nauli, amekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, kisha saa nane anaambiwa arudi kesho. Mwingine ameitwa kwa barua isiyosema kosa lake. Mwingine analazimika kueleza siri za ndoa yake mlango ukiwa wazi na jirani yake akisikia. Watu hao hufika mbele ya ofisa wakiwa wamekwisha kuchemka kabla neno la kwanza halijasemwa.

Ulevi na dawa za kulevya huongeza hatari. Ugonjwa wa akili peke yake si sababu ya kumwogopa mteja. Kinachopaswa kuangaliwa ni kama mtu huyo amewahi kudhuru au kutishia wengine, na kama jambo linalomsibu siku hiyo ni zito kiasi cha kumfanya aone hana cha kupoteza.

Sura nyingi za vitisho

Vitisho havina sura moja. Kipo cha wazi, cha kupigwa au kuuawa. Kipo cha kurogwa, ambacho baadhi ya ofisi hukichekea ingawa aliyeambiwa huenda asipate usingizi kwa wiki nzima.

Kipo cha cheo: mteja hutaja jina la mkubwa fulani na kumwahidi ofisa kwamba atahamishwa wilaya. Kipo cha kuchafuliwa jina, kwa kuzusha kwamba ofisa amekula rushwa au ana uhusiano na mdai. Siku hizi kipo pia cha ujumbe wa simu usiku wa manane, kwa kuwa ofisa wengi huwapa wateja namba zao binafsi.

Katika miji midogo na vijijini mipaka kati ya kazi na nyumbani ni myembamba. Ofisa na mteja hununua mboga katika genge moja, husali mahali pamoja na hupanda daladala moja. Aliyetoa kitisho Jumatatu anaweza kuwa jirani kwenye foleni ya maji Jumamosi.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kujilinda ni kupambanua. Si kila anayepaza sauti ni hatari. Mama anayelia na kulaani kwa sababu ameibiwa haki yake anahitaji kusikilizwa, wala si kuitiwa mgambo. Kitisho kinachopaswa kupewa uzito zaidi ni kile kinachotaja mtu, mahali, wakati au silaha, kinachorudiwa, au kinachotoka kwa mtu ambaye amekwisha kufanya vurugu kabla.

Chumba kinavyopangwa

Hatua nyingi za ulinzi ofisini hazihitaji bajeti kubwa. Ya kwanza ni mpangilio wa viti. Ofisa hukaa upande ulio karibu na mlango ili aweze kutoka, lakini bila kuiziba njia ya mteja. Mtu aliyekasirika akiona amezibiwa njia, hujihisi amenaswa, na aliyenaswa hupigana.

Mezani havikai vitu vinavyoweza kugeuzwa silaha. Mkasi, chupa, kipimia karatasi kizito na birika la chai ya moto huwekwa kando. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapotokea.

Wenye mgogoro hawasubirishwi benchi moja. Mume anayetuhumiwa kwa kipigo na mke aliyemshtaki hupangiwa saa tofauti, na anayehofia usalama wake huruhusiwa kuondoka kwanza. Mahojiano magumu hayapangwi mwisho wa siku, ofisi zinapokuwa zimefungwa na korido ziko tupu.

Baadhi ya ofisi huwa na neno la siri. Ofisa akimwomba mhudumu wa mapokezi amletee jalada la rangi fulani ambalo halipo, mhudumu hujua kwamba panahitajika msaada. Neno hilo hufaa tu kama wote wanalijua na limekwisha kujaribiwa. Ofisi ambayo mpokeaji wake hubadilishwa kila mwezi bila kuelezwa haina kinga hiyo.

Hasira inapopanda

Dalili za mwili hutangulia kipigo. Mteja huanza kutembea huku na huko, hukunja ngumi, hupumua kwa kasi, hurudia maneno yaleyale au hunyamaza ghafla akikaza macho. Ofisa aliyezoea kuandika huku ameinamisha kichwa huzikosa dalili hizo.

Katika dakika hizo sauti ya ofisa inapaswa kushuka kadiri ya mteja inavyopanda. Hanyooshi kidole, hamshiki bega, hacheki na hasimami juu ya aliyeketi. Huacha nafasi kati yao. Sentensi huwa fupi, kwa kuwa mwenye ghadhabu hasikii maelezo marefu ya vifungu vya sheria.

Linalosaidia zaidi ni kulitaja jambo linalomuuma. Mtu akiambiwa kwamba inaeleweka anaogopa kumpoteza mwanawe, hujua angalau amesikika. Kumwambia atulie, kinyume chake, humpandisha zaidi.

Ofisa pia hutoa njia mbili za kuchagua: kuendelea kuzungumza, au kupumzika nje na kurudi baadaye. Hatoi ahadi ya uongo ili kujinusuru, labda tu awe mikononi mwa mtu mwenye silaha. Ahadi ya uongo iliyotolewa leo ndiyo ugomvi wa wiki ijayo.

Hayo yote yakishindikana, kinachobaki ni kutoka chumbani. Kuondoka si woga wala kushindwa kazi. Majalada na simu vinaweza kubaki mezani, na mazungumzo yanaweza kuendelea siku nyingine mbele ya mtu wa pili.

Nyumbani kwa mteja

Ziara ya nyumbani ndiyo sehemu ya kazi yenye mashaka zaidi. Huko ofisa hayuko kwenye chumba chake, hajui nani yuko ndani wala mlango wa nyuma unaelekea wapi.

Kabla ya safari, jalada husomwa lote, si ukurasa wa mwisho tu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji na mtendaji wa kata huulizwa wanachokijua kuhusu nyumba hiyo. Wao ndio wanaojua kama mwenye nyumba hurudi amelewa kila jioni, kama ana mbwa mkali, au kama juzi alimkimbiza jirani kwa panga.

Kanuni inayofuata ni kutokwenda peke yake pale palipo na dalili za hatari. Ofisa huacha ofisini maelezo ya anakokwenda na saa ya kurudi, na yupo mtu aliyepewa kazi ya kupiga simu saa hiyo ikipita. Simu huchajiwa kabla. Dereva au bodaboda husubiri, akiwa amegeuza chombo kuelekea barabarani.

Akifika, ofisa hubisha hodi na kungoja. Akikaribishwa hukaa karibu na mlango, si katika chumba cha ndani. Akikuta ulevi, ugomvi unaoendelea au kundi la watu wasiojulikana, huahirisha ziara kwa heshima na kurudi akiwa amejiandaa.

Kumwondoa mtoto nyumbani ni jambo la pekee. Sheria ya Mtoto imetambua uzito huo, ndiyo maana inataka ofisa anayetumwa kuingia na kupekua mahali anapodhaniwa kuteswa mtoto afuatane na polisi. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi ndiyo mlango wa kawaida wa kupata msaada huo. Kwenda kwa ujasiri bila msaada huo ni kujiweka hatarini na kumweka hatarini mtoto, ambaye huenda akabaki ndani na mtu aliyechokozwa.

Waliolipa kwa maisha

Nchi zilizoandika historia ya matukio haya zina masomo ya kutosha. Nchini Uingereza, mwaka 1984, mfanyakazi wa ustawi aliuawa katika hospitali ya Bexley, karibu na London, na mtu aliyekuwa mteja wake. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 1988 ilichangia kubadili namna wagonjwa wa akili wanavyofuatiliwa baada ya kutoka hospitalini.

Nchini Marekani, Oktoba 2006, mfanyakazi wa huduma za jamii katika mji wa Henderson, Kentucky, alimpeleka mtoto mchanga nyumbani kwa mama yake mzazi kwa ziara iliyokuwa imepangwa. Alikwenda peke yake, na aliuawa huko. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria iliyopewa jina lake, Boni Frederick, na kutenga fedha kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wa aina yake.

Agosti 2015, katika mji wa Barre, Vermont, mfanyakazi mwingine alipigwa risasi alipokuwa akitoka kazini. Aliyefyatua risasi alikuwa mama aliyenyang'anywa haki ya kukaa na binti yake.

Matukio hayo yanafanana katika jambo moja. Hakuna aliyeuawa kwa kukosa moyo wa kazi. Walikutwa wakitimiza wajibu wa kila siku: hospitalini, katika ziara iliyopangwa, nje ya ofisi. Ujasiri walikuwa nao, na ujasiri peke yake haukutosha.

Baada ya tukio

Ofisa aliyetishwa anapaswa kuandika siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale aliyoyasikia, pamoja na saa, mahali na walioshuhudia. Kuandika kwamba mteja alikuwa mkali hakumsaidii mwenzake atakayelishika jalada baada ya mwaka mmoja. Kuandika kwamba mteja alisema atamsubiri ofisa kituo cha basi kunasaidia.

Ujumbe wa vitisho wa simu haufutwi. Kitisho hupelekwa polisi na kupewa namba ya RB, na aliyejeruhiwa huchukua fomu ya PF3. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kutishia kumdhuru mtu kuwa kosa la jinai, na kupiga au kujeruhi kuna vifungu vyake. Cheo cha mteja au huruma kwa shida zake havifuti kosa hilo.

Mwajiri naye ana hatua zake. Jalada linaweza kuhamishiwa kwa ofisa mwingine, au mteja akaandikiwa kwamba atahudumiwa mbele ya watu wawili. Hatua hizo hazipaswi kumnyima mteja huduma, kwa kuwa nyuma yake yupo mtoto asiye na kosa.

Lililo gumu zaidi kuonekana ni jeraha la moyoni. Ofisa hushtuka kila simu inapolia, hubadili njia ya kwenda nyumbani, hukosa usingizi na kuanza kuwachukia wateja wote. Kuzungumza na msimamizi na wenzake mapema, bila kuulizwa alikosea wapi, ni sehemu ya tiba. Swali la kwanza linalomngoja katika ofisi nyingi ni nini alichomfanyia mteja, na swali hilo ndilo huwafanya wengine wanyamaze.

Hofu inayomfikia mtoto

Kunyamaza huko kuna gharama isiyoonekana kwenye daftari la majeruhi. Watafiti Janet Stanley na Chris Goddard wa Australia, katika kitabu chao cha mwaka 2002 kuhusu ukatili katika kazi ya kulinda watoto, walieleza kwamba mfanyakazi anayeishi na vitisho vya familia anaweza kufanana na mateka. Ili aokoke, huanza kumtazama anayemtisha kwa jicho la huruma na kuyapunguza makosa yake.

Dalili zake ofisini si ngumu kuzitambua. Ziara huahirishwa mara kwa mara. Ofisa huzungumza na baba kizingitini na kurudi bila kumwona mtoto. Taarifa huandika kwamba hali inaendelea vizuri. Shauri lililostahili mahakama huishia kwenye usuluhishi, na shauri la usuluhishi huishia kabatini.

Hapo kitisho kimefanya kazi yake kikamilifu. Mtu aliyemtisha mtu mzima mwenye elimu, ofisi na sheria nyuma yake ndiye anayebaki nyumbani na mtoto wa miaka sita. Kama ofisa ameogopa kuuvuka mlango ule, mtoto aliye ndani hana wa kumkimbilia.

Kwa hiyo msimamizi makini, anapoona nyumba ambayo kila ofisa hutafuta sababu ya kutokwenda, hahoji kwanza uvivu. Huuliza nani anaogopwa pale.

Wajibu wa mwajiri

Usalama wa ofisa si hisani. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unaomfidia aliyeumia kutokana na kazi, awe wa sekta ya umma au binafsi.

Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba Namba 190 wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, ulioanza kutumika Juni 2021. Pendekezo Namba 206 linaloambatana nao linazitaja huduma za jamii miongoni mwa sekta ambazo wafanyakazi wake wako hatarini zaidi, pamoja na kazi zinazofanywa katika upweke.

Kwa halmashauri, utekelezaji unaweza kuanza na vitu vichache: daftari la kuandikia kila kitisho, chumba cha mahojiano chenye faragha na njia ya kutokea, simu ya ofisi ili namba binafsi zisigawiwe, usafiri wa ziara za hatari, na makubaliano ya maandishi na kituo cha polisi kuhusu nani ataitwa na atafika vipi. Daftari hilo lisomwe kila mwezi na mkuu wa idara, kwa kuwa vitisho vinavyoandikwa bila kusomwa huwafundisha maofisa kuacha kuviandika.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anayejua kwamba jirani amepanga kumvizia ofisa anaweza kumweleza mwenyekiti wa mtaa au kupiga namba 112 ya polisi. Anayeona mtoto akiteswa anaweza kupiga namba 116 ya huduma kwa mtoto, na mzigo ukagawanywa kabla haujamwelemea mtu mmoja.

Watu wenye hasira wataendelea kuketi kwenye benchi la ustawi, kwa kuwa hakuna aletwaye hapo na furaha. Linaloweza kubadilika ni ofisa kujua kwamba akitoka kwenda kwenye nyumba ngumu, yupo mtu ofisini anayetazama saa na kumngoja arudi.